Daktari bingwa peke yake si huduma ya kibingwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo nililoishi nalo kwa miaka 27 nikiwa muuguzi wa usingizi, yaani yule anayemlaza mgonjwa kabla ya upasuaji, anayelinda pumzi na mapigo ya moyo wake wakati daktari akiendelea na kazi, na anayehakikisha kwamba ameamka salama. Kazi hiyo nimeifanya katika hospitali ambazo umeme hukatika, dawa huisha na wataalamu huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa miaka yote hiyo nimesoma habari za huduma za kibingwa kuwafikia wagonjwa wa mazingira ya aina hiyo, na karibu kila mara habari huwa ni moja kati ya mbili: amepatikana daktari bingwa, au imeletwa mashine mpya. Zote ni habari njema, nami huzipokea kwa furaha ya kweli. Hata hivyo, msomaji akilikunja gazeti hubaki akiamini kwamba huduma imeshafika, ilhali kilichofika ni kiungo kimoja cha mnyororo mrefu, na mgonjwa hufa kwa sababu ya kiungo kingine ambacho hakuna aliyekiandika.

Nitaeleza kisa kimoja ambacho sijawahi kukisahau. Aliletwa mtoto wa kike wa miaka minne, tumbo limemvimba na amekuwa akitapika kwa siku mbili. Utumbo wake ulikuwa umejisokota. Wiki hiyo tulikuwa na daktari bingwa wa upasuaji wa watoto aliyekuja kwa kambi ya siku tano, kwa hiyo mtoto yule alipata mikono ambayo wiki nyingine yoyote ya mwaka asingeipata. Upasuaji ulichukua chini ya saa mbili. Sehemu ya utumbo iliyokufa iliondolewa, ncha mbili zikaunganishwa, damu iliyopotea ilikuwa kidogo, na mimi mwenyewe nilimpeleka wodini akiwa anapumua vizuri na kumwita mama yake. Usiku wa tatu, mgeni wetu akiwa ameshaondoka, mtoto alianza kupumua harakaharaka na kwa shida. Wodi ilikuwa na muuguzi mmoja na wagonjwa zaidi ya 30, na wakati huo muuguzi alikuwa upande wa pili akimtundikia mgonjwa mwingine dripu. Aliyeona kwamba hali ya mtoto inabadilika ni mama yake. Kipima oksijeni cha kidoleni kilikuwepo kimoja tu, nacho kilikuwa kimefungiwa katika chumba cha upasuaji. Mtungi wa oksijeni ulipoletwa, kifaa cha kurekebisha mkondo wa hewa hakikuingia kwenye shingo ya mtungi, kwa sababu mitungi ile ilikuwa imetoka kwa mgavi mwingine. Alifariki kabla ya mapambazuko. Katika daftari la chumba cha upasuaji jina lake limo kati ya wale ambao upasuaji wao ulifanikiwa.

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba mkasa ule ulikuwa wetu peke yetu. Kisha mwaka 2018 ukachapishwa utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa hao walikuwa na umri mdogo kuliko wastani wa dunia, na wengi wao hawakuwa na magonjwa mengine mazito, lakini uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Vifo zaidi ya tisa kati ya kila kumi vilitokea baada ya upasuaji wenyewe kwisha. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka yule mtoto na muuguzi wake mmoja. Fedha, mafunzo na macho ya watu huelekezwa kwenye meza ya upasuaji, lakini anayemwokoa mgonjwa wa namna ile ni muuguzi anayepita kitandani kila baada ya saa chache, akahesabu pumzi, akapima oksijeni na shinikizo la damu, akaandika, na akawa na mtu wa kumwamsha anapoona tarakimu zinakwenda vibaya. Muuguzi huyo haitwi bingwa, wala hakuna sherehe ya kumkabidhi. Asipokuwepo, kazi nzuri ya bingwa humalizikia kaburini.

Wapo watakaosema kwamba ulinzi wa aina hiyo unahitaji fedha nyingi. Sehemu yake, ndiyo. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipozindua orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, lilitoa karatasi moja yenye mambo 19 ya kuulizana kwa sauti kabla ya mgonjwa kupewa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani: ni mgonjwa huyu kweli, ni upande huu kweli, kipima oksijeni kinafanya kazi, dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa, vitambaa vimehesabiwa. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, zikiwemo za London na Toronto na pia ya Ifakara, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Nimeitumia orodha hiyo kwa miaka mingi. Ugumu wake haukuwa karatasi. Ulikuwa ni kumfanya muuguzi mdogo awe na ujasiri wa kumwambia daktari mkubwa asubiri, kwa kuwa hesabu ya vitambaa haijatimia. Pale ambapo daktari mkubwa mwenyewe aliuliza kwa sauti, wengine wote walifuata.

Kuhusu vifaa nina mengi ya kusema, kwa sababu nimekaa navyo kuliko nilivyokaa na madaktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya takwimu za hospitali katika nchi zenye uwezo mdogo, ulikuta kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa tiba vilikuwa havifanyi kazi, na sababu kubwa zilizotajwa ni ukosefu wa mafunzo, usimamizi dhaifu wa vifaa na udhaifu wa miundombinu. Mtu wa nje akisikia hivyo hudhani kwamba vifaa vile ni vya zamani vilivyochakaa. Vingine ni hivyo, lakini nimeona pia mashine ambazo hazijafikisha mwaka. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya chumba chenye kiyoyozi na umeme usiotetereka huwekwa katika chumba chenye vumbi na joto, mahali ambapo umeme hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku. Kwanza huungua kibao kidogo cha ndani, na kibao hicho hakipatikani isipokuwa kwa mtengenezaji, ambaye naye hakiuzi bila kumtuma fundi wake, na fundi huyo hasafiri bila kulipwa nauli na posho. Nyingine haiwezi kufunguliwa kwa matengenezo mpaka iingizwe nywila ambayo hospitali haikupewa. Mashine za maabara huja na mtego wake: hutolewa bure au kwa bei nafuu, lakini vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, hununuliwa kwa mtengenezaji yuleyule tu, na mwaka ambao bajeti ya vitendanishi imekatwa, mashine hubaki ikipanguswa vumbi.

Tulikuwa na fundi wa vifaa tiba mmoja, mtu makini sana, aliyekuwa akizijua mashine zetu kwa milio yake. Alikuwa akisafisha vichujio vya mashine za kuzalisha oksijeni kila wiki, kwa sababu kichujio kikijaa vumbi mashine huendelea kunguruma kama kawaida huku hewa inayotoka ikiwa na oksijeni kidogo kuliko inavyotakiwa, na mgonjwa akidhoofika hakuna anayeshuku kwamba kosa liko kwenye mashine. Cheo chake katika utumishi kilikuwa cha chini kiasi kwamba hakualikwa katika vikao vya kuamua ni vifaa gani vinunuliwe. Aliomba mara nyingi apewe fungu dogo la vipuri, na mara nyingi aliambiwa asubiri. Mwishowe alikwenda kufanya kazi katika kampuni ya kutunza minara ya simu, ambako ujuzi wake ulithaminiwa, wala simlaumu. Ndani ya mwaka mmoja baada ya kuondoka kwake, mashine tatu kati ya zile alizokuwa akizilea zilikuwa zimesimama. Kwa maoni yangu, kuondoka kwake kuliwaumiza wagonjwa sawasawa na kuondoka kwa daktari, na bado hakuna aliyekuja kutuuliza kwa nini tulimpoteza.

Tiba ya saratani kwa mionzi inalionyesha jambo hili kwa uwazi zaidi kuliko huduma nyingine yoyote. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda iliharibika kabisa, na mpya ikazinduliwa mwaka 2018. Katikati ya miaka hiyo, nchi ilikuwa na madaktari bingwa wa saratani, ilikuwa na wauguzi wao, na ilikuwa na wagonjwa. Kilichokosekana ni chombo kimoja ambacho hakikuwa na mwenzake wa kukipokea. Hata mashine inapokuwa nzima, ina mahitaji ambayo mzungumzaji wa siku ya uzinduzi hayataji. Inayotumia madini ya kobalti hupungua nguvu kila siku, kwa kuwa mionzi ya kobalti hufika nusu ya nguvu yake ya awali baada ya miaka mitano na kidogo. Mgonjwa aliyekuwa akilala chini ya mashine kwa dakika tatu atalala dakika sita, foleni itaongezeka maradufu, na fedha za kununua chanzo kipya cha mionzi zilipaswa kuwekwa kwenye mpango tangu siku ile ya kwanza. Mashine za kisasa zinazozalisha mionzi kwa umeme hazina tatizo hilo, lakini zinahitaji umeme ulio thabiti, mfumo wa kuzipoza, mkataba wa matengenezo na mtaalamu wa fizikia ya tiba wa kukokotoa na kuhakiki dozi. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilianzisha mwaka 2022 mpango wa kuzisaidia nchi zisizo na huduma hii au zilizo na huduma haba, na naupongeza kwa sababu unazungumzia mafunzo ya watu pamoja na mashine.

Kabla ya mionzi, hata hivyo, lazima ijulikane kwamba ugonjwa ni saratani. Mwanamke anakuja na uvimbe kwenye titi, daktari anachukua kinyama, kinawekwa kwenye chupa yenye dawa ya kukihifadhi na kusafirishwa mbali hadi kwa mpatholojia, yaani daktari anayechunguza vinyama ili kutambua ugonjwa, ambaye pengine ndiye anayetegemewa na mamilioni ya watu. Nimeona majibu yakirudi baada ya miezi mitatu, na nimeona chupa zilizofika zikiwa na lebo iliyofutika, hivyo mgonjwa akaitwa kukatwa kinyama kwa mara ya pili. Kwa muda huo wote uvimbe haukai ukisubiri. Mtu akiniuliza nichague kati ya kuongeza daktari bingwa wa saratani na kuongeza njia ya uhakika ya kusafirisha na kusoma sampuli, mahali ambapo hakuna hata kimoja kilicho imara, nitaanza na sampuli, kwa sababu bingwa asiye na majibu ya patholojia anatibu kwa kubahatisha. Damu salama ni vivyo hivyo, na sina haja ya kuirefusha: upasuaji mkubwa bila akiba ya damu ni kamari, na akiba hiyo hutegemea wachangiaji wa hiari, jokofu linaloaminika na vipimo visivyokosekana.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba huduma za kibingwa zisubiri hadi kila kitu kikamilike, kwa maana siku hiyo haitafika. Ninachosema ni kwamba mahali penye uhaba, tiba yenyewe mara nyingine lazima ifikiriwe upya ili ilingane na maisha ya mgonjwa baada ya kutoka hospitalini, na kazi hiyo ya kufikiri ni ubingwa wa kiwango cha juu. Katika mji wa Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf alikuwa akiwatibu watoto wachanga wenye vichwa vikubwa, yaani waliojaa maji kichwani, wengi wao kutokana na maambukizi. Tiba iliyozoeleka ni kupandikiza mrija unaoyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Mrija huo hufanya kazi, lakini huweza kuziba au kuingiwa na vijidudu, na mtoto ambaye mrija wake umeziba anahitaji kumfikia daktari wa upasuaji wa ubongo ndani ya muda mfupi sana, jambo lisilowezekana kwa familia inayoishi mwendo wa siku nzima kutoka hospitalini. Warf aliunganisha njia mbili: kwa kutumia kamera nyembamba alifungua njia ya maji ndani ya ubongo wenyewe, kisha akachoma sehemu ya tishu zinazoyatengeneza maji hayo, ili mtoto aweze kurudi nyumbani bila mrija. Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2017 liliwalinganisha watoto waliowekewa mrija na waliotibiwa kwa njia ya Warf baada ya mwaka mmoja na halikuona tofauti kubwa katika ukuaji wao wa akili. Kwa mzazi aliye mbali na hospitali, matokeo yanayofanana bila hofu ya mrija kuziba usiku ni jambo kubwa mno.

Mfano mwingine ninaoupenda unahusu maumivu. Mgonjwa wa saratani aliyechelewa, na katika mazingira haya wengi huchelewa, mara nyingi hatapona, lakini halazimiki kufa akipiga kelele. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dokta Anne Merriman, ilianza kutengeneza mofini ya kunywa kwa kuchanganya unga wa dawa hiyo na maji, dawa ambayo mgonjwa huinywa kitandani kwake bila sindano wala mashine. Kikwazo kilichobaki kilikuwa cha kisheria, kwa kuwa mofini huandikwa na daktari na madaktari hawakutosha. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa ili wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, waruhusiwe kuiandika. Hakuna jengo lililojengwa kwa ajili ya badiliko hilo. Ilibadilishwa kanuni moja, yakatolewa mafunzo, ukawekwa utaratibu wa kuitunza na kuihesabu dawa, na watu waliokuwa wakilia usiku kucha wakalala. Nimewauguza wagonjwa wa aina hiyo mahali ambapo mofini haikuwepo, na sitaki kueleza niliyoyasikia.

Hapo ndipo ninapofika kwenye suala la watu. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi limependekeza pawe na angalau madaktari 5 wa usingizi kwa kila watu 100,000, na nchi nyingi za kipato cha chini hazifikii hata mmoja. Kusubiri pengo hilo lizibwe na madaktari peke yao ni kukubali vizazi kadhaa vya wagonjwa vipotee. Msumbiji, ikiwa katikati ya vita na karibu haina madaktari wa upasuaji, ilianza mwaka 1984 kuwafundisha matabibu wasaidizi kufanya upasuaji. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba watu hao ndio waliokuwa wakifanya zaidi ya asilimia 90 ya upasuaji mkubwa wa uzazi katika hospitali za wilaya, na kwamba miaka saba baada ya kuhitimu karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa bado wako katika hospitali hizo, ilhali kati ya madaktari waliopelekwa huko hakuna aliyekuwa amebaki. Sisemi hivyo ili kuwashutumu madaktari. Kijana aliyesoma kwa miaka mingi, anayepelekwa mahali asipo na mwenzake wa kushauriana naye, asipo na vifaa vya kutumia ujuzi wake na asipo na njia ya kujiendeleza, ataondoka, nami ningeondoka. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, kinawafundishia wanafunzi wake ndani ya hospitali za kanda yenyewe badala ya kuwapeleka mbali, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya wahitimu wake wakiwa bado katika nchi walikosomea. Mtu aliyejifunzia kazi mahali palipo na uhaba hashtuki anapoukuta.

Lakini kugawa kazi kwa wasio madaktari kuna masharti yake, na hapa nasema kama mmoja wa waliogawiwa. Nilifanya kazi za daktari wa usingizi kwa miaka mingi, mara nyingi peke yangu, usiku, bila mtu wa kumpigia simu. Siku mambo yalipokwenda vizuri nilikuwa msaidizi, na siku yalipokwenda vibaya nilikuwa mhusika mkuu. Anayepewa jukumu zito anastahili sheria inayomlinda, msimamizi anayemtembelea kwa ratiba na si kwa dharura tu, mafunzo ya kurudia, mshahara unaolingana na mzigo, na ngazi ya kupanda cheo. Bila hayo, kugawana kazi hugeuka kuwa njia ya kupata huduma ya bei rahisi kwa mgongo wa watu wasio na sauti, na wagonjwa maskini hupewa wahudumu waliochoka. Simu na intaneti zimesaidia sana katika kupunguza upweke huo: picha ya eksirei au ya kidonda hutumwa kwa bingwa aliye mbali na jibu hurudi kabla ya zamu kwisha. Ninachosisitiza ni kwamba muda wa bingwa anayejibu uhesabiwe kuwa kazi. Kwa sasa wengi wao hujibu usiku, kwa hisani, wakiwa wamechoka.

Ipo hoja nyingine ambayo nimeisikia mara nyingi kutoka kwa watu ninaowaheshimu, kwamba mahali penye umaskini fedha zielekezwe kwenye chanjo, malaria na lishe, na kwamba huduma za kibingwa ni anasa ya baadaye. Naielewa hoja hiyo, lakini sikubaliani nayo. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji na usingizi salama kwa gharama wanayoimudu pale wanapouhitaji, na kwamba upasuaji milioni 143 wa ziada unahitajika kila mwaka. Wengi wa watu hao hawahitaji mambo ya ajabu. Ni mama ambaye uchungu umekwama, ni mtoto aliyeungua moto, ni kijana aliyevunjika paja barabarani, ni mzee mwenye ngiri iliyobana. Zaidi ya hayo, viungo vya mnyororo ninavyovitaja havimtumikii bingwa peke yake. Oksijeni iliyokosekana kwa yule mtoto wa miaka minne ndiyo oksijeni ileile inayohitajika kwa mtoto mwenye nimonia na kwa kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati. Fundi wa vifaa tiba hutengeneza pia jokofu la chanjo. Maabara inayosoma kinyama kwa uhakika huinua vipimo vyote vinavyopita ndani yake. Janga la korona la mwaka 2020 na 2021 liliwaonyesha watu wote jinsi hospitali isiyo na oksijeni inavyokuwa, lakini wauguzi wa watoto walikuwa wakilijua jambo hilo miaka mingi kabla.

Tume hiyohiyo ilikadiria kwamba watu milioni 33 kila mwaka hutumbukia katika gharama za kuwafilisi kwa sababu ya kulipia upasuaji na usingizi. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi anayefilisika ni yule aliyezungushwa: alilipa nauli kwenda kwenye hospitali ya rufaa akakuta mashine imeharibika, akarudi nyumbani, akaitwa tena, akakuta damu hakuna. Mgonjwa akiambiwa ukweli kwa simu kabla hajasafiri, kwamba huduma ipo au haipo wiki hii, anaokolewa kabla hajaguswa na daktari, na utaratibu huo unahitaji mtu mmoja na simu moja.

Ombi langu kwako, Mhariri, na kwa waandishi wako, ni kuhusu namna ya kuuliza. Huduma mpya ya kibingwa inapozinduliwa, mwandishi amuulize anayeikabidhi ni nani atakayeitengeneza mashine hiyo, jina la kazi yake ni lipi na fungu la vipuri vyake limeandikwa wapi. Aulize umeme ukikatika mgonjwa akiwa mezani kinafuata nini. Aulize kambi ya madaktari bingwa ikifungwa, nani anabaki na wale waliopasuliwa siku ya mwisho, na kama idadi ya walio hai baada ya siku 30 itaandikwa kando ya idadi ya waliopasuliwa. Kisha arudi baada ya mwaka mmoja, siku isiyo na wageni, usiku, aende moja kwa moja wodini, ahesabu wauguzi walio zamu na vipima oksijeni vinavyowaka, na aandike alichokikuta.

Wako katika utumishi,
Muuguzi wa usingizi mstaafu